Nani Apige Hodi Nyumbani kwa Mtoro?

Kikwe ni kata ya wakulima katika Halmashauri ya Meru, kusini mwa barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, pale miteremko ya Mlima Meru inapoishia kwenye tambarare. Watu wanalima mahindi na maharage; wenye zamu ya maji ya mfereji wanaongeza nyanya na vitunguu. Kina mama wengi wa ukanda huu huondoka kabla ya alfajiri kuwahi vibarua kwenye mashamba ya maua. Jumatano na Jumamosi mazao hupanda Tengeru, sokoni.

Tengeru hiyo hiyo ina chuo kinachofundisha maendeleo ya jamii tangu mwaka 1963. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Nchi hii imesomesha watu wa kuhudumia jamii kwa zaidi ya nusu karne, na mpaka leo mfumo wa shule za msingi za serikali haujaweka nafasi ya afisa ustawi wa jamii. Maafisa hao wapo makao makuu ya halmashauri, Usa River, na mafaili ya eneo zima: ndoa zilizovunjika, matunzo ya watoto, wazee wasio na ndugu, watu wenye ulemavu, vijana waliokinzana na sheria. Mtoto wa darasa la tano anawafikia akiwa tayari ni kesi.

Hoja iliyo mezani ni hii: awepo afisa ustawi wa jamii ambaye kituo chake cha kazi ni shule za msingi za kata, na siyo ofisi ya makao makuu. Mimi naiunga mkono, na nasema mapema ili msomaji asidhani nimesimama katikati. Lakini wanaoipinga wana hoja nzito, na baadhi ya hoja hizo zimebadilisha namna ninavyoitaka. Wanaozungumza hapa chini si watu fulani wa Kikwe. Nimezipa hoja midomo ili zijibizane, kwa sababu nyingi kati yake huwa zinasemwa kando, mtu na jirani yake, na hazifiki mahali pa kujibiwa.

Na nimeweka mbele yao mtoto mmoja wa mfano: msichana wa miaka kumi na mmoja, darasa la tano.

MWALIMU: Nianze na rejesta, maana hicho ndicho chombo changu. Jumatatu yupo. Jumanne yupo. Jumatano hayupo. Alhamisi yupo, anasinzia. Ijumaa yupo. Wiki inayofuata hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Mara ya kwanza nilimwita nikamuuliza, akaangalia chini. Mara ya pili nilimpa adhabu ya kufagia. Mara ya tatu nikaandika barua kwa mzazi, akaenda nayo mwenyewe, na sijui kama ilifika.

MZEE: Mwalimu, Jumatano si gulio la Tengeru? Hapa nani asiyejua? Mtu anahitaji digrii ya kujua hilo?

MWALIMU: Gulio nalijua, mzee wangu. Nisichokijua ni yeye anafanya nini siku hiyo. Anauza nyanya na bibi yake? Amebaki nyumbani na mdogo wake kwa kuwa mama yuko kwenye maua? Au anapelekwa Tengeru na tenga lake kwenye bodaboda ya kijana fulani, na huyo kijana hataki nauli? Hayo ni mambo matatu. La kwanza ni umaskini, la pili ni malezi, la tatu ni hatari. Mimi kwa yote matatu nina neno moja, utoro, na dawa moja. Na nina watoto zaidi ya sabini wanaonisubiri.

MHASIBU: Nimefanya kazi ya fedha za halmashauri mpaka nikastaafu, na nawaheshimu wote mliopo. Lakini hilo la kwenda kumwona mtoto nyumbani linaweza kufanywa na mwalimu wa malezi. Kila shule inatakiwa iwe na mwalimu wa ushauri na unasihi. Mradi wa BOOST, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2021, una mpango wa Shule Salama ndani yake, na walimu wanapewa mafunzo. Tumeshalipia. Kwa nini tuanze kuajiri kada nyingine kabla ya kuitumia iliyopo?

MWALIMU: Mwalimu wa malezi ndiye mimi. Na ndiye mimi ninayefundisha Hisabati darasa la tano na la sita, ninayesimamia zamu, ninayekagua usafi. Hiyo ya malezi niliongezewa, hakuna kipindi nilichopunguziwa.

MHASIBU: Basi tukupunguzie vipindi. Ni rahisi kuliko mshahara mpya.

AFISA USTAWI: Mhasibu, hata akipunguziwa vipindi vyote, lipo jambo ambalo ratiba hailitatui. Kanuni zetu za viboko bado zipo. Zinasema visizidi vinne, zinasema mwalimu mkuu ndiye anayechapa au anayemruhusu mwingine kwa maandishi, zinasema iandikwe kwenye kitabu. Sisemi Mwalimu huyu anachapa. Nasema mtoto anamwona mtu aliyeshika fimbo, au anayekaa ofisi moja na aliyeshika fimbo, halafu tunamtaka mtoto huyo huyo aende kwake na siri ya nyumbani. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alikufa Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu. Mahakama ilishasema lake kuhusu mwalimu yule. Lakini jiulize mtoto wa shule ile, siku iliyofuata, angempelekea nani shida yake?

Hapa nikae kidogo, kwa sababu wengi hudhani suala la viboko ni mjadala mwingine. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na karibu robo tatu ya vijana wote walipigwa ngumi, mateke au viboko katika umri huo. Waliowapiga walikuwa ndugu na walimu, watu wale wale ambao kwa kawaida tunamwambia mtoto awakimbilie. Utafiti huo ulizaa mipango ya taifa ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto: MTAKUWWA ya kwanza ikaanza 2017 na ya pili ikazinduliwa 2024. Mipango ni mizuri. Inahitaji mtu mwenye miguu.

MZEE: Mmetaja ndugu kana kwamba ndugu ni ugonjwa. Niruhusuni. Mimi ni Mmeru, nimezaliwa hapa na nitazikwa hapa. Mtoto kwetu ni wa ukoo. Baba akikosea, kuna baba mkubwa, kuna mjomba, kuna wazee wa kumkalisha. Tumekuwa hivyo kabla ya halmashauri, kabla ya Mjerumani. Sasa mnaniletea binti kutoka chuoni, hajui mpaka wa shamba langu na la ndugu yangu, aje bomani na faili chini ya kwapa aniulize watoto wangu wanalala wapi. Na sote tunajua faili hilo linaishia wapi. Arusha imejaa vituo vya kulea watoto. Wengine waliomo humo wana bibi, wana shangazi, wana shamba. Walichukuliwa kwa sababu nyumba yao ilionekana maskini.

AFISA USTAWI: Shikamoo tena, mzee wangu, maana umesema jambo ambalo watu wa taaluma yangu wanapaswa kulisikia wakiwa wamekaa. Ni kweli kuna watoto walioingia vituoni wakiwa na ndugu. Na ni kweli waliowaingiza wengine walikuwa na nia njema na gari zuri. Ndiyo maana namtaka afisa wa kata. Mtu wa kituo anamwona mtoto mara moja, anaona nyumba ya udongo, anaamua. Mimi nikiwa hapa mwaka mzima, nitamjua shangazi. Kazi yangu inakuwa kumpata huyo shangazi na kumpa nguvu kabla mtoto hajaondoka nyumbani.

MZEE: Na usipompata?

AFISA USTAWI: Hapo nitakuja kwako unitajie mwingine.

MAMA: Naomba nami niseme. Mzee, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini huo ukoo tunaujua sisi tulioolewa humu. Mtoto akiharibiwa, wazee wanakaa. Wanakaa kweli. Anatolewa mbuzi, inanywewa pombe, mikono inapeanwa, na mtoto anaambiwa asirudie kusema. Kesho yake anatumwa kupeleka chai kwa yule yule. Nani katika kikao kile alimuuliza mtoto?

MZEE: Si vikao vyote.

MAMA: Si vyote. Lakini mimi siwezi kujua kabla kama kitakuwa kile kizuri.

Mzee alinyamaza, na nimemwachia kunyamaza kwake, kwa kuwa hoja yake haikufa. Ukoo wa Kimeru si hadithi ya kupamba harusi. Ni watu hawa ambao, waliponyang'anywa na wakoloni ardhi ya Engare Nanyuki mwaka 1951, walichangishana fedha, na mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Jamii iliyoweza kuchanga nauli ya kwenda New York katika miaka ile haiwezi kuchukuliwa kama haina uwezo wa kulinda watoto wake. Ninachosema ni kwamba mfumo ule uliitetea ardhi ya wote vizuri kwa sababu adui alikuwa nje. Adui akiwa ndani ya boma, na akiwa ndiye anayelima, anayelipa na anayeongea kikaoni, mtoto anahitaji mtu ambaye hadaiwi na yeyote kikaoni.

Lipo jambo jingine la historia ambalo wenyeji wa Tengeru wanalijua. Kuanzia mwaka 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi hapo Tengeru, watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa Siberia na kuzungushwa nusu ya dunia. Kambi ile ilikuwa na shule, ilikuwa na hospitali, na ilikuwa na nyumba ya yatima. Mwaka 1949 yatima zaidi ya mia moja walisafirishwa kwenda Kanada kuanza maisha. Makaburi 149 ya wale waliobaki bado yanatunzwa. Nayataja kwa sababu moja: dola ile ya kikoloni, katika udongo huu huu, ilikubali kwamba mtoto aliyepita kwenye msiba hatoshewi na ubao na chaki. Mtoto wa Kimeru aliyekuwa akiwaona kwa mbali hakuhesabiwa katika ukarimu huo. Sasa serikali ni yetu.

MHASIBU: Historia nzuri, lakini bajeti haisomi historia. Nchi ina shule za msingi za serikali zaidi ya 16,000. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wamefurika, madarasa hayatoshi, walimu hawatoshi. Unampa kila shule afisa mmoja, unaongeza watumishi 16,000 na zaidi. Mshahara, makazi, likizo, pensheni. Nani atasaini?

AFISA USTAWI: Sikusema kila shule. Nimesema kata. Mtu mmoja, shule za kata nzima, siku zake zikijulikana: Jumatatu shule hii, Jumanne ile.

MHASIBU: Bado ni maelfu ya ajira.

KIJANA: Na waliosomea ni maelfu, wamekaa nyumbani. Mimi mmoja wao. Nimesoma hapo Tengeru, nyumbani kwetu ni mwendo wa pikipiki. Kabla ya chuo nilikuwa msaidizi wa ustawi wa jamii wa kujitolea. Mnakumbuka mpango ule? Ulianzishwa na Taasisi ya Ustawi wa Jamii mwaka 2006 pamoja na Chuo Kikuu cha Illinois cha Chicago, wakati wa yatima wa UKIMWI. Tulifundishwa vizuri: namna ya kubisha hodi, namna ya kusikiliza, namna ya kujaza fomu bila kumtisha mtu. Tukapewa baiskeli na posho kidogo. Mradi ukaisha, ukaja mwingine, nao ukaisha. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na sehemu nyingi hata miradi iliyokuwa imebaki ikakatika. Mimi bado naitwa usiku. Mtoto kapigwa, njoo. Naenda kwa nauli yangu. Nikifika nasema nini? Sina cheo, sina muhuri, sina simu ya ofisi.

MHASIBU: Kijana wangu, pole. Lakini unathibitisha hoja yangu: kitu kisicho na fedha ya ndani hakidumu.

KIJANA: Nathibitisha, ndiyo. Basi kiwekeeni fedha ya ndani. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hakuna aliyesema haiwezekani. Ushuru wa mazao unakusanywa hapo Tengeru kila gulio, kwenye nyanya zilizobebwa na huyo mtoto wa Jumatano. Katika ushuru huo, fungu la mtoto ni lipi?

Sijawahi kusikia jibu la kuridhisha kwa swali hilo. Ninajua tu kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa serikali ya mtaa jukumu la kulinda na kukuza ustawi wa kila mtoto katika eneo lake, na kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki azipeleke huko. Raia ameamriwa aseme. Anayepaswa kusikiliza yuko Usa River, na nauli ya kwenda na kurudi ni kibarua cha siku kwa mtu wa shamba. Ipo Simu ya Mtoto, namba 116, haina malipo, na imeokoa wengi. Simu inapokea kilio. Lazima kuwe na mtu upande wa huku wa kukifuata.

MAMA: Tumezungumza ukatili muda wote kana kwamba mtoto anaumizwa kwa kupigwa tu. Nauliza la makande. Elimu haina ada, sawa. Chakula cha mchana tunachangia, mahindi debe kadhaa, maharage, kuni, na fedha ya mpishi. Mwaka ambao mvua imegoma, mimi sina. Kengele ya saa saba ikilia, wenye majina wanapanga foleni na bakuli. Wangu anakwenda kukaa nyuma ya darasa. Ameniambia mwenyewe kwamba anajifanya anasoma.

MWALIMU: Tunawapa kisirisiri tukiweza, mama.

MAMA: Najua mnawapa. Na yeye anajua ni kisirisiri.

AFISA USTAWI: Hilo ndilo ningelianza nalo kuliko mengine yote, maana halihitaji polisi wala mahakama. Kaya ya mtoto huyu iko TASAF, kwenye ruzuku ya kaya maskini, au haiko? Kama inastahili na haiko, nani aliiacha? Kamati ya shule ikubali kaya ngapi zitachangia kwa kazi badala ya debe, na majina yasibandikwe ukutani. Na turudi kwa yule wa Jumatano, kwa kuwa TASAF ina sharti: mtoto wa kaya ya walengwa ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Hesabuni. Siku nne kati ya tano ni asilimia 80 kamili. Akiugua malaria siku moja tu mwezi huo, ameshuka chini ya mstari, na ruzuku ya bibi yake inaweza kukatwa. Ruzuku ikikatwa, ataongezwa na Jumamosi, kisha Jumatatu. Mwalimu ameona utoro. Mtu wa TASAF ameona asilimia. Hakuna aliyeziona zote mbili kwa pamoja.

MZEE: Hilo la asilimia sikulijua.

AFISA USTAWI: Mimi ningekwenda pale nyumbani Jumanne jioni, si Jumatano. Jumatano ningemkuta ana aibu, na bibi yuko sokoni. Jumanne wanachambua nyanya. Ningekaa nichambue nao. Sitauliza juu ya shule kwanza. Nitauliza bei. Ukichambua nyanya na mtu saa nzima, utajua nani anakula hapa, nani analala wapi, mdogo anaachwa na nani, bodaboda ni ya nani na mbona bibi akitajiwa jina lake ananyamaza. Ndipo nitajua ni lipi kati ya yale matatu ya Mwalimu. Halafu nitarudi baada ya wiki mbili. Kwenda mara moja kila mtu anaweza. Anayelipwa mshahara analipwa kwa kurudi.

Katika yote yaliyosemwa, hili la kurudi ndilo ninalolishika kwa nguvu. Wazo lenyewe si geni: mwaka 1906 na 1907 shule za New York, Boston na Hartford huko Marekani zilianza kuajiri walimu wa kutembelea nyumba, kwa kuwa watoto wa wahamiaji walikuwa wakipotea madarasani na hakuna aliyejua wanakokwenda. Sisi tumepokea wageni wengi wenye nia ya kutembelea. Ukanda huu wa Arusha unapata vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani kila mwaka, wanakaa wiki tatu, wanacheza na watoto, wanawapenda kwa dhati. Mtoto anamzoea mmoja, anamsimulia jambo ambalo hajamwambia mtu, na yule anapanda ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro akiwa na siri ambayo hajui aiweke wapi. Simlaumu kijana huyo. Nalaumu mpango unaomweka yeye mahali pa mtumishi wa umma.

MWALIMU: Kuna mwingine nataka kumtaja, mvulana. Anachelewa kila siku. Ana matege, miguu imepinda kweli kweli, na anatoka mbali. Ukanda huu chini ya mlima maji yetu yana floraidi nyingi, ndiyo maana pale Ngurdoto pana kituo cha kutafiti namna ya kuipunguza. Meno ya kahawia tumeyazoea, hayatushangazi. Miguu tunaisahau. Mtoto huyu aliadhibiwa kwa kuchelewa muhula mzima kabla mtu hajaniambia tumtazame anavyotembea.

MHASIBU: Huyo anahitaji hospitali.

MWALIMU: Anahitaji hospitali, na mtu wa kumwambia mama yake hospitali ipi, siku gani, na kwamba halikuwa kosa lake. Na nahitaji mtu wa kunizuia mimi na adhabu yangu.

MHASIBU: Nikubali, basi, kwa masharti. Afisa wa kata alipwe na halmashauri, si mradi. Asigeuzwe karani wa mtendaji, maana najua tunavyofanya: mtu mpya akija anapewa kuandikisha michango na kusimamia mwenge. Na awe na nauli kwenye kasma yake. Afisa asiye na nauli ni samani.

KIJANA: Na kabati lenye kufuli.

MHASIBU: La nini?

KIJANA: Mafaili. Katika mradi wetu tulikuwa tunaweka fomu za watoto kwenye ofisi ya kijiji, juu ya meza. Kila aliyeingia kutafuta barua ya utambulisho alizisoma.

MZEE: Mimi nina sharti langu pia. Akija hapa, aje kwanza kwetu. Aripoti kwa wazee. Kila anapoingia boma, tujue.

AFISA USTAWI: Nikifika kata hii nitaripoti kwenu, mzee wangu, na nitakaa mnifundishe koo na mipaka. Kwa utoro nitaanza kwenu. Kwa njaa nitaanza kwenu. Kwa mtoto anayechelewa, kwa yatima anayehitaji shangazi, nitaanza kwenu na nitawachosha. Kwa mtoto aliyebakwa, hapana. Hapo nampeleka hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayokwenda kwenye kikao ni yake. Wazee mtajua baadaye.

MZEE: Hata kama mtuhumiwa ni wa nyumba yangu?

AFISA USTAWI: Hapo ndipo nitachelewa zaidi kukuambia.

MZEE: Basi hilo sikubaliani nalo. Niandikeni kwamba sikukubali. La makande na la Jumatano nakubali, na mtoto wa kaka yangu ana chumba cha biashara ambacho kinaweza kuwa ofisi.

MAMA: Ofisi iwe shuleni, mzee. Mtoto akionekana anaingia chumba cha biashara, mtaa mzima utauliza. Na mimi nina langu, mtumishi. Ukimpeleka mwanaume polisi, mtoto umemlinda. Wiki hiyo ile nyumba inakula nini? Maana mimi nimeona mama akienda kufuta kesi mwenyewe, siku ya nne, kwa sababu unga uliisha.

AFISA USTAWI: Kwa sasa naweza kuandika barua TASAF, naweza kuomba kanisani na msikitini, naweza kuomba mtendaji. Fungu la unga wa siku hizo sina.

MAMA: Basi ongezeni na hilo kwenye hayo masharti ya Mhasibu, kabla ya kabati.

Nimeliongeza. Nafasi moja ya afisa ustawi wa jamii kwa shule za msingi za kata, anayelipwa na halmashauri, nauli yake, fungu dogo la dharura kwa nyumba ambayo mtafutaji riziki amekamatwa, la wiki za kwanza, mpaka mama apate pa kushika, na kabati lenye kufuli, kwenye chumba cha shule. Bajeti za halmashauri huanza kupangwa miezi mingi kabla ya Julai, zikianzia vijijini, na wajumbe wa kamati za shule na madiwani ndio wanaosema nini kiingie. Hayo mambo manne yanatosha kwenye nusu ukurasa.